Programu kuukuu za kurekodia muziki bado zafaa, ila nyimbo zisifungiwe humo

KATIKA studio nyingi za nyumbani, kompyuta inayorekodi muziki huendeshwa na programu ambayo kampuni iliyoiunda iliacha kuiuza zamani. Haina toleo jipya wala fundi wa kupigiwa simu, na pengine hata kampuni yenyewe haipo tena. Hata hivyo, kila jioni maikrofoni huwashwa, sauti huingia na wimbo hutoka.

Mwenye studio ya namna hiyo huulizwa mara kwa mara kwa nini hanunui programu ya kisasa. Lakini swali lenye uzito zaidi ni jingine: siku kompyuta hiyo itakapokataa kuwaka, nyimbo zilizomo zitafunguliwa kwa njia gani?

Kisa cha Cool Edit

Cool Edit Pro ni mfano mzuri wa programu zilizokufa sokoni zikabaki hai vyumbani. Iliundwa na kampuni ndogo ya Marekani, Syntrillium Software, iliyoanzishwa na Robert Ellison na David Johnston, ambao awali walikuwa wafanyakazi wa Microsoft. Ilianza kama programu nyepesi ya kuhariri sauti, iliyosambazwa ili watu waijaribu kabla ya kulipa. Ilikua hadi ikaweza kubeba treki 128, treki ikiwa ni njia ya sauti moja katika wimbo: ngoma huwa na yake, gitaa yake na mwimbaji yake.

Mnamo Mei 2003, kampuni ya Adobe ilitangaza kuinunua teknolojia ya Syntrillium kwa dola milioni 16.5. Miezi michache baadaye programu hiyo ilirejea sokoni ikiitwa Adobe Audition, na jina la Cool Edit likazikwa. Nakala zilizokuwa tayari katika kompyuta za watu ziliendelea kufanya kazi kama kawaida.

Si Cool Edit pekee iliyopatwa na hayo. Mnamo Julai 2002, kampuni ya Apple ilinunua Emagic ya Ujerumani, watengenezaji wa Logic, na kufikia mwishoni mwa Septemba mwaka huo Logic ya Windows ikakoma kuuzwa. Waliotumia Windows walilazimika kuchagua: wanunue kompyuta za Apple, wahamie programu nyingine, au wabaki na toleo la mwisho walilokuwa nalo.

Mnamo Novemba 2017, kampuni ya Gibson ilitangaza kusitisha uundaji wa SONAR, programu ya Cakewalk iliyokuwa na historia ya miaka 30. Safari hiyo watumiaji walibahatika. Februari 2018 mali ya Cakewalk ilinunuliwa na BandLab ya Singapore, na miezi miwili baadaye programu hiyo ikaanza kutolewa bila malipo. Mwaka wa 2023 BandLab nayo ilitangaza programu mpya za kuirithi.

Kwa nini hawahami?

Sababu ya kwanza ni mazoea. Prodyusa aliyetumia programu moja kwa miaka 15 haangalii tena vitufe; mkono hujua njia. Kuhama ni sawa na fundi kunyang'anywa vifaa vyake katikati ya kazi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Sababu ya pili ni gharama. Programu za zamani ziliundwa kwa ajili ya kompyuta zenye uwezo mdogo, hivyo kompyuta ya mtumba huzibeba bila kulemewa. Programu mpya huenda ikahitaji kompyuta mpya, na kompyuta mpya ikahitaji kadi mpya ya sauti.

Sababu ya tatu ni kwamba sauti yenyewe haizeeki. Kompyuta hurekodi kwa kuipima sauti mara nyingi sana katika kila sekunde na kuandika kila kipimo kama nambari. Kwa kiwango cha CD, vipimo hivyo ni 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kikiwa cha biti 16. Programu ya mwaka wa 2002 huviandika kwa namna ile ile ya programu ya leo. Cool Edit Pro ilikuwa tayari ikifanya hesabu zake za ndani kwa biti 32. Wimbo ukisikika vibaya, mara nyingi kosa huwa ni la chumba chenye mwangwi, maikrofoni duni au sauti iliyorekodiwa kwa nguvu kupita kiasi hadi ikakwaruza.

Upungufu nao upo. Cool Edit Pro haikutambua ASIO, mfumo uliobuniwa na Steinberg ili kupunguza kuchelewa kwa sauti kati ya mwimbaji kuimba na kujisikia. Wala haikutambua plagini za VST, yaani programu ndogo za kuongeza ala na madoido, ambazo leo ndizo zilizoenea zaidi. Anayetaka kupiga kibodi na kusikia ala ya kompyuta papo hapo hatapata raha humo.

Kinachozeeka

Kinachochakaa hasa ni mazingira yanayoizunguka programu. Microsoft ilisitisha huduma za usalama kwa Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kukomesha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama ni nyumba isiyo na komeo pindi inapounganishwa na intaneti.

Draiva ni kikwazo kingine. Hii ni programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kadi ya sauti. Draiva iliyoundwa kwa Windows ya biti 32 haifanyi kazi katika Windows ya biti 64. Hivyo mtu anaweza kufaulu kuiweka programu yake ya kale katika kompyuta mpya, kisha akagundua kwamba kadi yake ya sauti haitambuliwi. Kwa watumiaji wa Apple mlango ulifungwa kabisa mwaka wa 2019, pale macOS Catalina ilipokataa programu zote za biti 32.

Hatari iliyofichika zaidi ni leseni. Baadhi ya programu haziwezi kufunguka katika kompyuta mpya hadi zipate idhini kutoka kwa kompyuta za kampuni. Idhini hiyo ikikoma kutolewa, hata aliyelipa hubaki nje. Adobe ilipozima mitambo ya kuidhinisha baadhi ya programu zake za zamani, ikiwemo Audition 3, ilitoa nakala maalumu mnamo Januari 2013 zisizohitaji idhini hiyo. Wengi walidhani ni zawadi kwa umma, lakini kampuni ilifafanua kwamba zilikusudiwa walionunua leseni.

Kwa upande wake, Steinberg ilitumia kwa miaka mingi kifaa kidogo cha USB kilichobeba leseni ya Cubase. Huduma ya mfumo huo ilifungwa tarehe 20 Mei 2025. Leseni iliyomo tayari katika kifaa huendelea kufanya kazi, lakini kifaa kikipotea au kikivunjika, huduma ya kuirejesha haipo tena.

Kuilinda kompyuta ya studio

Anayeamua kubaki na programu ya kale anashauriwa kuitengea kompyuta yake pekee. Isiunganishwe na intaneti, isitumiwe kwa barua-pepe wala michezo ya watoto. Faili zikihitaji kutoka au kuingia, zipitie katika diski au flashi iliyokaguliwa virusi kwenye kompyuta nyingine.

Faili ya kuiweka programu, draiva za kadi ya sauti na nambari ya leseni zinakiliwe na kuhifadhiwa mahali pawili. Nambari ya leseni iandikwe pia kwenye karatasi. Vilevile, ni vyema kutengeneza nakala kamili ya diski nzima, ili diski ikifa, nyingine iwekwe na studio irejee jinsi ilivyokuwa. Pale stima inapokatika bila taarifa, betri ya akiba huipa kompyuta dakika za kuhifadhi kazi na kuzimwa taratibu.

Kuzitoa nyimbo

Tahadhari zote hizo ni za kuahirisha tu. Suluhisho la kudumu ni kuhakikisha hakuna wimbo unaoishi ndani ya programu moja pekee.

Ugumu hutokana na faili ya mradi. Faili hiyo haina sauti yenyewe. Ina maelekezo ya treki ipi ianze wapi, ipunguzwe wapi na iwekewe madoido gani. Mara nyingi programu iliyoiandika ndiyo pekee inayoielewa. Hata ndani ya ukoo mmoja lugha hubadilika: Audition CS5.5 ya mwaka wa 2011 haikuweza kufungua moja kwa moja faili za .ses za matoleo ya awali. Ilibidi mradi ufunguliwe kwanza katika Audition 3 na kutolewa kwa muundo wa XML.

Njia ya kuepuka mtego huo ni kuitoa kila treki kama faili ya WAV, muundo uliobuniwa na Microsoft na IBM mwaka wa 1991 na unaosomwa na takriban kila programu ya sauti. Kila treki ianzie mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama mwimbaji anaingia dakika ya pili. Kwa kufanya hivyo, treki zote zikipangwa katika programu yoyote zitaoana bila kukisia.

Treki zenye madoido muhimu zitolewe mara mbili, yakiwemo na yasipokuwemo. Nota za kibodi zihifadhiwe kama faili za MIDI. Kasi ya wimbo, ufunguo wake, tarehe na majina ya walioshiriki yaandikwe katika faili ya maandishi ya kawaida.

Nafasi inayohitajika si kubwa. Treki moja ya sauti isiyo ya stereo, kwa biti 24 na vipimo 44,100, huchukua takriban megabaiti 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye treki 16 ni kama megabaiti 510. Diski ya gigabaiti 500 huweza kubeba mamia ya nyimbo za aina hiyo. Akiba haiozi, mradi nakala moja ikae nje ya nyumba yenye studio.

Kwa Kenya, jambo hili lina uzito wake. Muziki wa genge na kapuka uliochipuka Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za Ogopa Deejays na Calif Records, ulikuja wakati kompyuta ilipokuwa ikichukua nafasi ya utepe. Nyimbo hizo sasa zina zaidi ya miaka 20. Msanii anayetaka kuurudia wimbo wa enzi hizo, au mtengenezaji filamu anayetaka mdundo wake bila maneno, hawezi kuhudumiwa kwa MP3 pekee. Zahitajika treki zenyewe, na mwenye kuweza kuzitoa ndiye mwenye cha kuuza.

Sheria inasemaje?

Kampuni kuacha kuuza programu hakuifanyi kuwa mali ya umma. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 huzihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi zinazolindwa, na ulinzi huo hudumu miongo mingi. Aliye na leseni halali yuko salama kuendelea kuitumia kulingana na masharti yake. Nakala zilizovunjwa leseni zinazozagaa mitandaoni ni jambo tofauti, na aghalabu huja na virusi.

Asiye na leseni wala fedha nyingi bado ana pa kuanzia. Audacity, iliyotolewa kwa umma mwaka wa 2000, haina malipo na ingali ikiendelezwa. Hata mwenye kuipenda programu yake ya zamani anaweza kuiweka Audacity katika kompyuta ya pili na kuitumia kukagua faili za WAV alizozitoa. Zikifunguka zote na kuoana pale, wimbo umeokoka, na programu ya kale inaweza kuendelea na kazi hadi siku yake ya mwisho.