Gesti yako iko "downtown" Newala? Soma hapa kwanza

Msimu wa korosho ukifunguliwa, Masasi na Newala hupokea wageni wengi. Baadhi yao hutafuta pa kulala kwa simu kabla hata hawajapanda basi, na wanaamini kile tangazo linachosema.

Hapo ndipo shida inapoanza. Mwenye gesti anaandika "city centre" au "downtown" ili tangazo lipendeze. Mgeni anashuka stendi usiku akijua ni hatua chache tu, kumbe inabidi alipe bodaboda. Maneno haya hayana maana moja. Tuyapitie.

"City centre"
Ni Kiingereza cha Uingereza: katikati ya jiji. Majiji ni kama Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma. Masasi na Newala zina halmashauri za mji, na Mtwara yenyewe ni manispaa. Kwa hiyo kwetu neno sahihi ni "town centre". Andika "in the town centre", usiiache "the". Na usiandike "centre" peke yake ukifikiria "senta" ya kijijini; msomaji atajiuliza ni "centre" ya nini, ya afya au ya mafunzo?

"Downtown"
Hili ni la Wamarekani, na asili yake ni New York. Mji wa zamani ulikuwa kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan, yaani upande wa chini wa ramani. Ulipopanuka kwenda kaskazini, huko kukaitwa "uptown". Baadaye "downtown" likawa jina la eneo la biashara la mji wowote Marekani, hata ulio mlimani.

Kwa hiyo "down" hapa si bondeni. Mji wa Newala uko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukitaka "chini" ya kweli, simama Shimo la Mungu utazame bonde la Ruvuma. Hakuna gesti yako huko!

Ukilitumia, sema "go downtown", sio "go to downtown". Na ukiwa Nairobi, kuwa makini: pale "downtown" ni upande wa River Road, wenye maduka na vyumba vya bei nafuu, sio upande wa maofisa wakubwa.

"CBD"
Ni kifupi cha "Central Business District", eneo lenye ofisi kubwa, benki na maghorofa. Wakazi wa Nairobi hulitaja kila siku. Kwa Dar es Salaam, fikiria Posta. Kwa Newala ni kujikweza tu.

"Inner city"
Huu ni mtego. Linasikika kama "ndani ya mji", lakini Marekani na Uingereza mara nyingi humaanisha mitaa ya watu maskini karibu na katikati ya jiji. Usiliweke kwenye tangazo.

Basi uandike nini?
Taja kitu ambacho mgeni atakiona: "five minutes' walk from Masasi bus stand", au "opposite Newala market", kama kweli ndipo ulipo. Mgeni wa saa tano usiku hatafuti Kiingereza kizuri, anatafuta mlango.