Usihadaiwe na wati: Jinsi ya kuchagua spika za kompyuta kwa bei nafuu

Ukitembea katika barabara ya Luthuli Avenue jijini Nairobi siku ya Jumamosi, utazipata spika za kompyuta za kila aina zikiwa zimepangwa madukani hadi mlangoni. Kila moja inanguruma kuishinda jirani yake. Kwa mzazi aliyewanunulia watoto kompyuta kuukuu isiyo na spika, au mwanafunzi wa chuo aliyebana matumizi muhula mzima, kuchagua si kazi rahisi. Akikosea, pesa ambazo zingelipa nauli ya mwezi hupotelea kwenye kijisanduku kinachokoroma.

Mtego wa kwanza ni maandishi kwenye katoni. Utaona "wati 1,000 PMPO" na kudhani umepata bahati. Hesabu hiyo hutaja nguvu za kufumba na kufumbua, na kila mtengenezaji huipiga apendavyo. Kipimo cha kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambazo spika inaweza kutoa mfululizo. Usipoiona RMS popote kwenye katoni, jiulize ni kwa nini imefichwa.

Unaweza kuupima uongo huo wewe mwenyewe. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na ampea 0.5. Zidisha, upate wati 2.5. Je, spika inayotegemea tundu hilo pekee itazitoa wapi wati 1,000? Kwa mfano, Logitech Z120, inayotumia USB, hutangazwa kuwa na wati 1.2 RMS tu, na inamtosha mtu mmoja aliyeketi mezani akisikiliza somo.

Aidha, usilipe pesa nyingi kwa sababu ya wati chache zaidi. Kuongeza nguvu maradufu huongeza sauti kwa desibeli 3 pekee, tofauti ndogo kwa sikio. Ili sauti isikike kama imeongezeka mara mbili, huhitaji nguvu mara kumi hivi. Kwa hivyo kati ya spika ya wati 5 na ya wati 8, nunua ile yenye sauti safi.

Swali la pili ni: spika ni za kazi gani? Zinazoitwa 2.0 ni mbili, za kushoto na kulia. Zinafaa kwa masomo, habari na muziki wa kiasi. Zile za 2.1 huongezewa kisanduku cha besi kinachowekwa sakafuni. Familia inayopenda filamu sebuleni itazifurahia, lakini anayeishi kwenye ploti au hosteli afikirie mara mbili. Besi hupenya ukuta na sakafu kuliko sauti ya kawaida, na jirani wa chini hatakosa kubisha mlango.

Kisha angalia nyaya. Spika nyingi za USB huchukua stima tu kupitia USB, ilhali sauti hupitia plagi ndogo ya milimita 3.5, ambayo kwa kompyuta nyingi za mezani huingia kwenye tundu la kijani. Hakikisha kompyuta yako ina matundu hayo yote. Spika za Bluetooth hazina usumbufu wa nyaya, lakini wakati mwingine sauti huchelewa kidogo, na midomo ya mwalimu kwenye video ikawa haiafikiani na maneno yake. Kwa zile za kuchomeka ukutani, soma kama zinakubali volti 240. Zilizotengenezewa volti 120 za Marekani pekee zinaweza kuungua papo hapo.

Usinunue kabla ya kujaribu. Mwombe muuzaji azime muziki, kisha uongeze sauti hadi mwisho. Ukisikia mvumo mkubwa au mlio kama wa nyuki, achana nazo. Halafu cheza sauti ya mtu anayezungumza, si wimbo wa besi ambao muuzaji ameuchagua. Sikiliza kama herufi "s" inakwaruza. Zungusha kitufe cha sauti polepole na utikise waya taratibu. Upande mmoja ukikatika, hiyo ni dalili ya ugonjwa utakaokuwa wako ukifika nyumbani.

Dai risiti yenye jina la duka, na uandikiwe muda wa dhamana. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayekataa kukuandikia chochote amekwisha kukujibu.

Nyumbani, ziweke mbali kidogo na pembe ya ukuta, zilingane na masikio, na umbali kati yake ukaribiane na umbali wa kila moja kutoka kwako. Marekebisho hayo hayagharimu hata senti, na mara nyingi huboresha sauti.

Mwisho, wazazi wachunge masikio ya watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na mtoto desibeli 75. Ikiwa mtoto anayetumia kompyuta hasikii unapomwita kutoka jikoni kwa sauti ya kawaida, mwambie apunguze.