Mtoto hujifunza kula kwa kumwaga

MAMA aliyetoka kununua mtungi wa maji wa lita 20 na kuupandisha hadi orofa ya nne hana hamu ya kumwona mwanawe akiugeuza uji kuwa mafuta ya kujipaka nywele.

Mtoto mwenyewe ana miezi tisa. Ana uji kwenye nyusi, malenge masikioni, na kijiko amekwisha kukitupa chini ya kochi. Sakafu ilipigwa deki asubuhi. Wazo la kwanza linalomjia mama ni kumpokonya bakuli, kumlaza pajani na kumlisha mwenyewe hadi chakula kiishe.

Hasira yake inaeleweka. Maji hununuliwa, sabuni hununuliwa, na bei ya maziwa na unga wa wimbi haimruhusu mzazi kutazama nusu ya mlo ikiishia sakafuni. Hata hivyo, wataalamu wa lishe ya watoto wanaonya kwamba hasara ya kumpokonya mtoto kijiko aghalabu huwa kubwa kuliko ya uji uliomwagika.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka 2 au zaidi. Kwa hivyo, kwa nusu mwaka kinywa chake hakijajua kazi nyingine ya kujilisha ila kunyonya. Ulimi umezoea kusukuma mbele, ndiyo maana vijiko vya kwanza vya uji hurudi kidevuni. Mama hudhani mtoto amekataa chakula, kumbe bado anajifunza kukipeleka nyuma ya kinywa na kukimeza.

Mkono nao una safari yake. Katika miezi 6 au 7 mtoto hukamata kitu kwa kiganja kizima, na ndizi husagika ndani ya ngumi kabla ya kufika kinywani. Karibu na miezi 9 huanza kutumia kidole gumba na cha shahada kuokota punje ya wali. Kijiko huchukua muda mrefu zaidi, na watoto wengi hukimudu bila kumwaga sana wanapokaribia miaka 2, pengine hata baadaye.

Kuhusu kuangusha vitu makusudi, huenda nyanya yake akaona ni utovu wa adabu, hasa mtoto akitumia mkono wa kushoto. Lakini mtoto wa miezi 10 hajui adabu wala ukosefu wake. Anachunguza kijiko kimekwenda wapi, kimelia vipi na nani atakiokota. Mama akikiokota huku akipiga kelele, mchezo ndio unanoga. Afadhali akiokote kimya, na mtoto akizidi kutupa, achukulie kwamba ameshiba na aondoe bakuli. Suala la mkono wa kulia linaweza kungoja.

Jambo lisilofaa kufanyiwa mzaha ni kumlisha kwa nguvu. Baadhi ya walezi humlaza mtoto chali na kumbana pua ili afungue kinywa kutafuta pumzi, kisha humimina uji. Sakafu hubaki safi na bakuli huisha upesi, na kwa yaya aliyeachiwa watoto wawili pamoja na karai la nguo, hiyo huonekana njia ya busara. Lakini mtoto anayevuta pumzi huku uji umejaa kinywani anaweza kuuvuta hadi mapafuni, akapaliwa au akapatwa na nimonia. Hata asipodhurika siku hiyo, hujifunza kuliogopa bakuli. Akiliona tu hulia, hugeuza kichwa na kufumba kinywa. Mlezi huongeza nguvu, mtoto huongeza ukaidi, na baada ya muda mizani ya kliniki huanza kueleza yaliyokuwa yakitendeka nyumbani.

Wapo pia wanaopanua tundu la chuchu ya chupa ili uji upite. Chupa hiyo ni vigumu kuisafisha, mabaki huchacha ndani yake, na kuhara hufuata. Isitoshe, mtoto hapati nafasi ya kujifunza kutafuna wala kutumia kikombe.

Kinachowezekana ni kuuzuia uchafu usisambae. Njia mojawapo imo ndani ya sufuria: uji uwe mzito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila kutiririka. Uji wa aina hiyo humwagika kidogo na hushibisha zaidi, kwani mwepesi hujaza tumbo dogo la mtoto maji matupu. Pia, vijiko viwe viwili, kimoja cha mtoto kuhangaika nacho na kingine cha mama kumlishia katikati ya mahangaiko hayo. Vipande vya viazi au parachichi vitolewe viwili au vitatu kwa wakati mmoja, maana asichokuwa nacho hawezi kukitupa.

Karatasi ya nailoni iliyooshwa inatosha kutandikwa chini yake. Gazeti kuukuu pia hutandikwa na wengi, ila wino wake hushika kwenye chakula ambacho mtoto atakiokota tena. Siku ya joto anaweza kulishwa bila shati, na mlo wa jioni ukitangulia kuoga, maji ya kuogea hufanya kazi mbili. Mikono yake na ya mlezi ni lazima ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Kumpangusa uso baada ya kila kijiko humuudhi bure. Apanguswe mara moja akimaliza.

Asiachwe peke yake anapokula, na aketi wima. Njugu nzima, peremende, bisi na vipande vigumu vya karoti mbichi si vyakula vya umri huu. Mtoto anayekohoa kwa sauti kwa kawaida bado anapitisha hewa. Aliyenyamaza ghafla, hawezi kulia na midomo inabadilika rangi ndiye aliyekwamwa, naye anahitaji msaada papo hapo.

Uchafu wa mezani peke yake si ugonjwa. Lakini mtoto akipaliwa karibu kila mlo, akiwa na mwaka mmoja na bado hajaweza kupeleka chakula kinywani kwa mkono, au mstari wa uzani wake kwenye kijitabu cha kliniki ukilala au kushuka, apelekwe kwa mhudumu wa afya bila kungojea tarehe ya chanjo.