Fungu la Mchicha na Robo ya Nyama

Jua linapotua Mbagala Rangi Tatu, genge na bucha huwa jirani wanaogombea pochi moja. Huku mafungu ya mchicha na matembele yananyunyiziwa maji yasinyauke. Kule paja la ng'ombe linaning'inia kwenye ndoano na muuzaji anauliza, steki au ya mifupa? Mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu yake iko chini hufika hapo na mashauri mawili kichwani. La kwanza, achemshe matembele anywe maji yake. La pili, ale nyama, na maini yakipatikana ndiyo zaidi. Si mashauri ya watu wachache: Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49, na kwa asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mabishano ya jani na nyama yana majibu yanayopimika. Kwa maoni yangu, kosa lake ni kuvipima viwili hivyo kila kimoja peke yake, kana kwamba kuna anayekula mchicha bila ugali.

Namba zenyewe ndizo zinazoanzisha utata. Majedwali ya virutubisho yapo, na Tanzania ina ya kwake, yaliyotolewa 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Tarakimu hupanda na kushuka kidogo kwa aina ya mmea na udongo, ila kwa majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za mchicha uliochemshwa zina miligramu 2.3 hivi za madini ya chuma, na gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina kama 2.6. Ukiishia hapo utasema ngoma droo, na kwa bei ya fungu la mchicha bucha lifungwe. Matembele, ambayo ndiyo yanayosifiwa zaidi kwa damu, yana chini ya nusu ya chuma cha mchicha. Kwa protini nyama inaongoza mbali, gramu 26 kwa 2. Kwa kalsiamu mchicha unalipiza, zaidi ya miligramu 200 kwa chini ya 20, na una vitamini C na vitamini A ambazo kwenye nyama ya kawaida ni kama hazipo. Vitamini B12 iko upande wa nyama tu; hakuna jani linaloitoa.

Lakini jedwali linahesabu kilichoingia kinywani. Damu inahesabu kilichovuka ukuta wa utumbo, na hapo ndipo droo inapovunjika. Karibu nusu ya chuma cha nyama imefungwa ndani ya hemu, kile kiini chekundu ambacho hata katika damu yetu ndicho kinachobeba oksijeni. Utumbo huipokea hemu ikiwa nzima, kama mzigo uliofungwa vizuri, na kiasi cha asilimia 15 hadi 35 ya chuma chake hufyonzwa hata chakula kingine kikiwa kibaya. Chuma cha mboga hakina gari hilo. Kinateremka kwa miguu, na njiani kinakutana na oksaleti ya jani lenyewe, faiteti ya unga wa mahindi na tanini ya chai, kila mmoja akikivuta shati kisifike. Tupige hesabu ya haraka. Katika zile gramu 100 za nyama, miligramu 1.3 za chuma cha hemu zikifyonzwa robo, na 1.3 zilizobaki zikifyonzwa sehemu moja ya kumi, mwili umepata kama miligramu 0.45. Gramu 100 za mchicha na ugali, tukikadiria asilimia 5, zimeleta kama 0.1. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji wastani wa miligramu 1.5 zivuke kila siku, na mjamzito wa miezi ya mwisho mara kadhaa ya hapo. Kwa chuma peke yake, basi, nyama inaizidi mboga kama mara nne, ingawa jedwali liliziweka sawa.

Mtetezi wa matembele hapo atasema bibi zetu hawakuwa wajinga, na ana haki ya kusikilizwa. Damu haijengwi kwa chuma tu. Mwaka 1941 watafiti wa Marekani walichukua karibu tani nne za spinachi na kukamua humo vitamini waliyoiita asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Bila hiyo, chembe nyekundu hukua kubwa lakini chache, na mtu huishiwa damu hata chuma kikiwa tele. Miaka saba kabla yake, 1934, watafiti Whipple, Minot na Murphy walikuwa wamepewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba maini hutibu upungufu wa damu. Jani na ini, vyote viwili, vina ushahidi wake. Hata yale maji ya matembele yana kitu, kwa sababu foliki na vitamini C huyeyuka na kubaki kwenye maji ambayo wengi humwaga. Kinachobaki kwenye jani ni sehemu kubwa ya chuma, kwa hiyo anayekunywa maji na kutupa majani ameacha alichokuwa anakitafuta. Ule ukijani nao hudanganya. Klorofili na hemu ni kama ndugu, pete zao zinafanana sana, ila katikati ya klorofili mmekaa magnesiamu mahali pa chuma, na mwili haubadilishi moja kuwa jingine.

Kinachonishawishi zaidi ni majaribio ya kuviweka pamoja. Mwaka 1968 Miguel Layrisse na wenzake wa Venezuela, nchi ya mahindi kama sisi, walitia alama ya mionzi kwenye chuma cha mahindi na maharage meusi ili waweze kukifuatilia hadi kwenye damu. Mahindi yakiliwa peke yake, chuma kidogo sana kilipita. Yakiliwa na nyama ya ndama au samaki, chuma kile kile cha mahindi kilipita kwa wingi zaidi. Yaani nyama haikuleta chuma chake tu. Ilifungua mlango kwa cha mwenzake. Mwaka 2003 watafiti wa Denmark wakauliza swali la mwenye mfuko mwepesi: kiasi gani kinatosha? Walitumia nyama ya nguruwe, kitimoto kwa lugha ya Dar, ila hapa msuli ni msuli. Kwenye mlo wenye faiteti nyingi, gramu 25 hazikuleta tofauti ya kuaminika. Gramu 50 zilipandisha ufyonzwaji wa chuma cha mboga kwa asilimia 44, na 75 kwa asilimia 57. Familia ya watu watano inayonunua nusu kilo Jumapili na kuimaliza siku hiyo inampa kila mtu gramu 100 za nyama mbichi. Ikigawanywa mara mbili, Jumapili na Jumatano, kila mara pamoja na mchicha, mlango unafunguliwa siku mbili kwa fedha ile ile. Ikigawanywa mara nne inabaki harufu tu kwenye mchuzi, na harufu haifyonzi chuma.

Pingamizi la bei ni la kweli, nami sidhani linajibiwa kwa kumwambia mtu wa Tandika akaze mkanda. Linajibiwa na dagaa. Samaki hufungua mlango ule ule, dagaa huliwa mzima na mifupa yake, na huuzwa kwa kikopo kila genge. Wengine watawataja Wahindu wa mjini wasiogusa nyama maisha yao yote. Ni kweli mwili una ujanja wake: akiba ya chuma ikipungua, homoni ya hepsidini hushuka na utumbo hufungua mikono zaidi. Ujanja huo una mwisho, na ujauzito huufikia upesi. Wanaoogopa saratani wanakumbuka tangazo la 2015 la shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, na nyama za kusindikwa kama soseji katika kundi la vilivyothibitishwa. Ushauri wa wataalamu ni kutozidisha gramu 350 hadi 500 zilizopikwa kwa wiki. Familia yetu ya nusu kilo kwa watu watano bado iko mbali na mpaka huo. Anayekula nyama choma kila jioni Kinondoni ndiye wa kujihesabia.

Kuna pingamizi moja ambalo silipuuzi hata kidogo. Mchicha hukomaa kwa wiki tatu au nne, hivyo hulimwa popote penye maji, na Dar es Salaam maji hayo mara nyingi ni ya mabonde yanayopokea taka za mji. Mwaka 1999 wanakemia Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya risasi, kadimiamu, shaba na zinki kwenye mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, na baadhi ya viwango vilitia wasiwasi. Kuosha huondoa vumbi. Hakuondoi kilichopanda kupitia mizizi. Jani bora linategemea shamba, na kumuuliza mwenye genge mchicha umetoka wapi si maringo. Vilevile, upungufu wa damu unaoletwa na malaria au minyoo hauishi kwa mlo wowote, na damu ikishuka sana dawa ni vidonge vya kliniki: kimoja hubeba chuma ambacho kilo mbili za nyama hazikifikii.

Yanayobaki ni ya jikoni, na hayahitaji bucha. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na ugali na mboga huweza kukata zaidi ya nusu ya chuma cha mboga. Ikisubiri saa moja ugomvi wake hupungua. Ndimu juu ya mchicha inasaidia, ingawa moja hutoa miligramu kumi na kidogo tu za vitamini C, na kwenye sufuria iliyo motoni nyingi hupotea. Chungwa la Muheza baada ya mlo hutoa hamsini au zaidi. Pera moja, lile ambalo watoto wa Bunju huangua kwa mawe na wakubwa hawalinunui, hupita miligramu mia.