Malipo kwa Matokeo: Kwa Nini Kila Huduma Katika Zahanati Lazima Iandikwe

Kwa miaka mingi, zahanati na vituo vya afya vya umma vilifadhiliwa kwa kupewa vitu: dawa, vifaa, mishahara na bajeti ya mwaka. Kituo kilichohudumia akina mama wengi na kile kilichohudumia wachache vingeweza kupata mgao unaokaribiana. Utaratibu wa malipo kwa matokeo unageuza hesabu hiyo. Kituo hulipwa baada ya huduma kutolewa na kuthibitishwa, kwa mfano mama aliyejifungua salama au mtoto aliyekamilisha chanjo.

Ulijaribiwa wapi?

Nchini Rwanda, utaratibu huu ulianza kwa majaribio mapema miaka ya 2000 na kuenezwa nchi nzima kuanzia 2006. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa katika vituo vilivyolipwa hivyo, akina mama waliojifungulia kituoni waliongezeka kwa asilimia 23. Hata hivyo, idadi ya waliokamilisha kliniki nne za ujauzito haikuongezeka. Malipo ya kliniki yalikuwa madogo sana yakilinganishwa na ya kujifungua. Kinacholipiwa vizuri ndicho hufanyiwa bidii.

Hapa Kenya, mwaka 2006 majirani wetu wa Kitui, pamoja na Kisumu, Kiambu na baadhi ya mitaa ya Nairobi, walianza kutumia vocha za uzazi. Mama alinunua vocha kwa Sh200, akachagua hospitali, nayo hospitali ikadai malipo baada ya kumhudumia. Baadaye malipo kwa matokeo yalijaribiwa Samburu, kisha yakapelekwa katika kaunti nyingine kame. Huduma za uzazi zilipofanywa kuwa bila malipo Juni 2013, serikali ilirejeshea zahanati na vituo vya afya Sh2,500 kwa kila mama aliyejifungua, na hospitali za kaunti Sh5,000.

Machakos ina mfano wake. Desemba 2018 ilikuwa miongoni mwa kaunti nne za majaribio ya Afya kwa Wote, pamoja na Kisumu, Nyeri na Isiolo. Ada ziliondolewa katika hospitali za umma, na sehemu kubwa ya fedha ilipitia KEMSA kununua dawa. Huo ulikuwa ufadhili wa kutoa vitu kwanza. Leo, chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliyoanza kazi Oktoba 2024, hospitali hudai malipo ya huduma iliyokwisha kutolewa. Nayo sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo inaruhusu vituo vya umma kubaki na mapato yake na kuyatumia.

Hatari ziko wapi?

Ya kwanza ni takwimu za uongo. Pesa zikifuata idadi, kuna kishawishi cha kuandika wagonjwa hewa. Ndiyo maana wakaguzi hulinganisha madai na rejista, na wakati mwingine humtafuta mgonjwa kijijini kumuuliza kama kweli alihudumiwa. Ya pili ni kusahau ubora: wagonjwa wengi waliohudumiwa kwa haraka si matokeo mema. Ya tatu ni kucheleweshwa kwa malipo. Zahanati ndogo haina akiba, na pesa zisipofika, glavu na dawa huisha huku akina mama wakiendelea kufika usiku na mchana.

Mwananchi afanye nini?

Asajiliwe na SHA kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya ya jamii. Kila anapotibiwa, ahakikishe jina lake na huduma aliyopata vimeandikwa sawasawa, na kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto kimejazwa. Asikubali kuthibitisha huduma ambayo hakupewa. Vilevile, aulize wawakilishi wake katika kamati ya usimamizi wa kituo ni pesa ngapi zimeingia na zimenunua nini.

Mama akijifungua zahanatini Masinga au Yatta na asiandikwe, kazi ya muuguzi haitahesabika, na zahanati haitapata pesa za kumhudumia mama atakayefuata. Mali bila daftari hupotea bila habari.