Kadi ya kura kwenye pipa la taka



Agosti 2022 jirani yangu hapa Stockholm, mzee wa Tanga, alikesha akifuatilia matokeo ya uchaguzi wa Kenya kwenye simu. Wiki chache baadaye nikamkuta kwenye mapipa anatupa bahasha ambayo hata hajaifungua. "Mzee, si kadi yako ya kura hiyo?" Akacheka: "Kura ya Waswidi hiyo, mwanangu. Mimi inanihusu nini?"

Inamhusu, tena sana. Tangu 1976 asiye raia wa Sweden anapiga kura ya manispaa na ya mkoa, mradi ameandikishwa kuwa mkazi kwa miaka 3 mfululizo. Hakuna foleni ya kujiandikisha. Kadi inakuja yenyewe kwa posta. Bunge tu ndilo la raia peke yao. Lakini bwana, shule ya mjukuu na wahudumu wanaokuja kumwogesha mzee nyumbani ni mambo ya manispaa. Hospitali na mabasi ni ya mkoa.

Mwaka ule wa 1976 karibu asilimia 60 ya wageni walijitokeza. Kufikia 2002 walikuwa kama asilimia 35. Sheria haikubadilika kuwazuia. Lugha inachangia, najua. Na kuna lile la karatasi: hapa kila chama kina karatasi yake, na kabla ya 2019 ulikuwa unaichukua mezani watu wanakuona. Kwa sisi tuliotoka kwenye chama kimoja, hilo lilitosha kumrudisha mtu nyumbani! Siku hizi meza imewekewa kizuizi.

Kwa mzee wangu huyu hii ndiyo kura pekee aliyobaki nayo. Tanzania haina kura ya walio nje, na hairuhusu uraia wa nchi mbili, ndiyo maana hajachukua wa hapa. Wakenya angalau 2022 walifunguliwa vituo katika nchi 12 za nje, japo waliojiandikisha huko kote walikuwa 10,443 tu, na Sweden haikuwemo.

Basi bahasha tukaitoa pipani. Jumapili ya tarehe 11 Septemba tukaenda pamoja, yeye na kitambulisho chake, karatasi nyeupe ya manispaa na ya buluu ya mkoa. Alikaa nyuma ya kile kizuizi muda mrefu mpaka watu wa foleni wakaanza kukohoa.