Samani za Chumba cha Kwanza Chini ya Uluguru

Msichana wa kwetu anapoposwa, mashoga, mashangazi na majirani hukusanyika katika ile hafla ambayo siku hizi huitwa kichen pati, wakamfunda, wakamchezea ngoma, na kabla jua halijachwa huwa amekwisha kurundikiwa masufuria, mabeseni, hotipoti, vikombe, mashuka, na pengine jiko lenyewe. Lakini kijana, awe mwanamume au mwanamke, atokaye kwa wazazi wake kwenda kupanga chumba peke yake kwa sababu ya kazi au masomo, hana kungwi wala somo, hapigiwi ngoma, na hakuna shangazi amwambiaye lipi litangulie na lipi lifuate. Huingia chumbani na begi la nguo, akaliweka sakafuni, akaketi juu yake, akazitazama kuta nne na taa moja, na hapo ndipo anapotambua kwamba hata kijiko cha kukorogea chai hana.

Chumba cha namna hiyo vijana hukiita geto, neno lililosafiri safari ndefu ya ajabu, maana asili yake ni mji wa Venice katika nchi ya Italia, ambako mwaka 1516 Mayahudi waliamriwa kukaa katika mtaa mmoja uliofungwa milango usiku. Nasi tumelichukua jina la kifungo tukaita kwalo uhuru wa kwanza wa mtu kulala na kuamka kwa hiari yake. Morogoro ni mji wa mageto mengi, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko chini ya milima ya Uluguru, na Chuo Kikuu Mzumbe si mbali, na fauka ya wanafunzi wapo walimu wapya, wauguzi, makarani na vibarua wa viwanda washukao stendi ya Msamvu kila siku na mabegi yao. Hao huenea Kihonda, Mafiga, Kichangani na Mji Mpya, wengine katika vyumba vipya vyenye choo ndani, na wengine katika nyumba ile ya zamani ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma ambako jiko, bomba na msala ni mali ya wote.

Kodi hudaiwa kwa mkupuo, ya miezi mitatu au sita, na mara nyingine ya mwaka mzima, na dalali naye hutaka ujira wake, ambao aghalabu ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Basi mpangaji huanza kufikiri habari ya samani akiwa tayari amekamuliwa. Si vibaya. Ufukara huo wa siku za mwanzo humlazimisha mtu kukaa na chumba chake kabla ya kukijaza, akajua jua linaingilia wapi, mvua inavujia wapi, soketi ziko ngapi na mlango unafungukia upande gani. Mwenye fedha nyingi siku ya kwanza hununua chumba cha mtu mwingine, alichokiona kwa rafiki au katika simu, akaja kukisukumiza ndani ya chake.

Nasema hayo kwa kuwa yalinipata. Mshahara wangu wa kwanza ulipotoka nilimwendea seremala mmoja, nikaagiza kitanda cha sita kwa sita, kwa sababu sita kwa sita ndicho kitanda cha mtu mzima kadiri ya fahari yangu ilivyoniambia, bila kupiga hesabu kwamba chumba changu kilikuwa futi kumi kwa kumi, na kwamba kitanda hicho peke yake kingekula futi 36 za mraba kati ya 100, ilhali cha nne kwa sita kingeniachia futi 12 zaidi, yaani mahali pa meza, kiti na mtu kupita. Kililetwa kwa mkokoteni, kimekwisha kuungwa chote kwa gundi na misumari, na mlangoni kikagoma. Tulikiinamisha, tukakisimamisha, majirani wakatoka kushauri, na mwisho tukang'oa fremu ya mlango kwa idhini ya mwenye nyumba, ambaye hakuisahau siku hiyo.

Kosa la pili lilijificha ndani ya mbao. Kitanda cha kweli huwa na matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo vya kichwani na miguuni, na chaga za kubebea godoro; na mahali pote panapokutana viungo hivyo, ulimi wa ubao mmoja huingia katika tundu la mwingine. Ubao uliopasuliwa karibuni una maji ndani yake, na maji hayo yakitoka ubao husinyaa, hasa kwa upana, si kwa urefu, hivyo ulimi huwa mwembamba ukacheza ndani ya tundu lake, na kiungo kilichokuwa kimekaza mwezi wa masika hulegea kipupwe kinapoingia. Changu kilitengenezwa Aprili. Kufikia Julai kilikuwa kikilia kila nilipojigeuza, hata jirani yangu wa ukutani akawa anakohoa kwa adabu.

Tangu hapo nimejifunza kumuuliza seremala maswali mawili kabla ya kuuliza bei: mbao hizi ni za mti gani, na zimekaa kivulini muda gani. Mninga ndio ulio bora kwa kitanda na kabati, kwa sababu hausinyai sana ukikauka na rangi yake haihitaji kusitiriwa. Mkongo nao ni imara, lakini bei yake ni ya watu wenye vyeo. Mtiki tunao karibu, maana mashamba yake yako Mtibwa na bonde la Kilombero humu humu mkoani, na mafuta yaliyomo katika moyo wake huuchukiza mchwa. Paini ni nyepesi na rahisi, inafaa rafu na meza ya kusomea, lakini isigusane na sakafu yenye unyevu pasipo kupakwa dawa. Ubao mbichi hujulikana kwa kuuinua, kwani uzito wake humshangaza mkono, na kwa kuugonga, kwani hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Na kitanda, hata kiwe cha mbao gani, kifungwe kwa skrubu au nati katika pembe zake nne, ili kipite mlangoni vipande vipande. Mpangaji ni msafiri, na kitanda chake sharti kijue kusafiri.

Wako wasemao kwamba, madhali chumba ni cha kupanga, hakuna haja ya kutengeneza kitu cha kudumu. Mkeka na ndoo vyatosha mpaka mtu ajenge kwake. Rai hiyo siikubali, na hoja yangu iko papa hapa Morogoro. Baada ya vijana wa Soweto kupigwa risasi mwezi Juni 1976, na maelfu yao kuikimbia Afrika Kusini, serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC ardhi ya shamba la zamani la katani pale Mazimbu, nao wakajenga shule waliyoipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Hao walikuwa wageni kuliko mpangaji yeyote. Kila asubuhi walitumaini kurudi kwao, na hawakujua kama ni mwaka ule au baada ya miaka ishirini. Hata hivyo, walianzisha pale karakana ya samani, wakaipa jina la Vuyisile Mini, kiongozi wa wafanyakazi na mtunzi wa nyimbo aliyenyongwa mwaka 1964, wakawa wanajitengenezea wenyewe samani za maskani yao ya muda. Mwaka 1992 walikabidhi majengo kwa Tanzania, wakaenda zao; leo ni kampasi ya Chuo cha Sokoine, na wanafunzi wetu husoma mahali ambapo watu wenye macho kwao walikubali kupiga randa.

Turejee chumbani. Godoro huuzwa kwa inchi, na muuzaji atakusifia unene, lakini sponji nene iliyo nyepesi hubonyea kati kabla mwaka haujaisha. Pima uzito, ukandamize kwa goti, uone kama linarudi upesi. Inchi sita zilizoshiba ni bora kuliko kumi zenye hewa. Chandarua ni wajibu, maana mlima huteremsha mito na mito huleta mbu, na kitundikwe chenye upana wa kutosha kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Wageni watokao Dar es Salaam huja bila blanketi, wakidhani joto la pwani limewafuata. Juni na Julai, upepo unaposhuka usiku kutoka kilele cha Lupanga, utawaona wakilala na suruali mbili. Unyevu wa mlima una madhara mengine pia: kabati lisigandamizwe ukutani, liachiwe nafasi ya kiganja kimoja, vinginevyo kuvu itakaa nyuma yake na nguo zitanuka wakati wa masika.

Katika baridi hiyo kuna jambo ambalo sitalisema kwa mzaha. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, si kwa kupikia wala kwa kuota moto, kwa kuwa mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Vijana wengi sasa huanza na mtungi wa gesi wa kilo sita wenye kichwa cha jiko juu yake, nao ni msaada mkubwa kwa asiye na jiko la uani. Na serikali yenyewe, kwa mkakati iliouzindua mwaka 2024, inataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Lakini gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipai, bali hutuama sakafuni na chini ya kitanda. Mtungi ukae karibu na mlango, na kila ubadilishwapo, kiungo kipakwe povu la sabuni. Povu likichemka, funga, toa nje, na usiwashe hata taa.

Umeme una hesabu yake. Wateja wa nyumbani ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi huweza kuwekwa katika daraja la bei nafuu, lakini nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU hulivuka daraja hilo upesi, na hapo huzuka ugomvi wa nani ana friji na nani ana redio tu. Kupasha moto ndoo ya maji ya lita 20, kutoka nyuzi 20 hadi 40 za kuogea, hula takriban nusu uniti. Aogaye hivyo asubuhi na jioni amekwisha kutumia uniti 30 kwa mwezi kwa maji ya moto peke yake, kabla hajapiga pasi. Na chuma cha kuchemshia kizimwe na kuchomolewa kabla mkono haujagusa maji.

Maji nayo, ingawa bwawa la Mindu liko karibu na mji na milima imejaa chemchemi, hayaji bombani kila saa uyatakayo. Ndoo mbili zenye vifuniko na dumu moja la kunywa hutangulia televisheni. Vyombo vya kupikia visizidi sufuria mbili, kikaango, kisu, mwiko, upawa, chujio, ubao wa kukatia, na, kwa atakaye kula wali wenye adabu, mbuzi ya kukunia nazi. Hivyo vyote hupatikana kwa matembezi ya asubuhi moja Soko Kuu, lile lililojengwa upya likapewa jina la Chifu Kingalu, ambako huteremka mboga na matunda ya Uluguru. Na mwaka wa masomo unapokwisha, wanafunzi wanaohitimu huuza meza, feni na majiko yao kwa bei ya kutupa, mradi mnunuzi avichunguze viungo vya meza kama kuna kunguni, kwa taa, bila kuona haya.

Kochi na kabati la kioo sitavitaja zaidi ya hapa. Mwenye navyo hahitaji makala.

Niliishi miezi minne na kitanda changu kiliacho, jiko, ndoo na sufuria, nikajiona nimekamilika, hata jioni moja mama mwenye nyumba alipobisha hodi na sahani ya ndizi za nazi. Nikamkaribisha. Aliingia, akatazama kulia, akatazama kushoto, na kwa kuwa haikuwa adabu kwa mtu wa rika lake kuketi kitandani kwa kijana, akaipindua ndoo yangu ya maji, akaikalia, akaniuliza habari za kazini kana kwamba yuko barazani kwake. Kesho yake nilikwenda sokoni nikanunua vigoda viwili. Kimoja kilivunjika. Cha pili ndicho alichokuwa akikikalia kila baada ya miezi sita, alipokuja kuulizia kodi.